Gari nimelishusha, na mgongo hauumi

Mara ya kwanza nilikata springi ili gari likae chini zaidi. Gari lilipendeza kwa macho, lakini kila shimo nililisikia mpaka kwenye meno. Nikadhani ni ugumu wa springi tu. Siku nilipolala chini ya gari na tochi, nikakuta ule mpira mdogo kwenye fito ya shokapu umepondeka na kupasuka. Shokapu haikuwa na nafasi ya kushuka tena. Gari lilikuwa linatembelea mpira, si springi!

Safari hii nimeshusha milimita 30 tu. Springi zimetengenezwa kwa kazi hiyo, ngumu kidogo kuliko za mwanzo, na nimezifunga pamoja na shokapu fupi zinazolingana nazo. Raha yote imo humo. Shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza springi ngumu. Tuta umeshalipita na gari bado linarukaruka.

Jamani, nawasihi jambo moja: boliti za bushi za amu, ile mipira ya maungio ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu, msizikaze kabisa gari likiwa juu ya jeki. Zikazeni magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Bushi iliyokazwa ikiwa inaning'inia hubaki imejipinda muda wote, gari linakuwa gumu, na mpira unachanika mapema.

Kisha alaimenti, yaani kunyoosha upya mkao wa magurudumu, bila kuchelewa. Rimu nimebaki na za inchi 16, maana ubavu mnene wa tairi nao unameza mishtuko. Jana nilipita barabara ya vumbi yenye makorongo, mwanangu amelala kiti cha nyuma. Hakuamka.