Shamba la Kabare: mistari imepigwa, tumezungumza na mwenye ardhi

Mistari ya kontua, yaani mistari ya kimo kimoja inayokata mteremko ili mimea yake izuie udongo, imekwisha kupigwa. Kifaa ni kilekile cha siku zote: miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia katikati. Kamba ikitulia kwenye alama, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Unapiga kigingi, unasonga. Milima hii ya juu ya Bukavu ni mikali, na mvua moja nzito inashusha udongo wote mzuri bondeni. Kwa hiyo vigingi vimesogeleana.

Lakini mpango wenyewe umeamuliwa na ardhi ni ya nani. Kipande cha chini ni cha familia, kwa kalinzi: unapanda mgomba, kahawa au mti, na watoto watarithi. Cha juu ni cha mtu mwingine, tunakilima kwa bwasa, yaani kwa kukodi msimu kwa msimu, na desturi ya Bushi, nchi hii ya Washi, hairuhusu mlimaji wa bwasa kupanda kitu cha kudumu, maana aliyepanda mti ni kama amedai udongo. Sasa maji yanaanzia juu! Nipande miti mizuri kiasi gani huku chini, mkondo ukishuka kutoka kipande kilicho wazi utaipita tu. Ndiyo sababu inaniuma kuona miche ikigawiwa vijijini bila mtu kuuliza nani ana haki ya kuipanda.

Tulikwenda na mama kwa mwenye kipande cha juu. Mama akamwambia, "Mzee, hatuleti miti kwako. Tunataka udongo wako usishuke." Akafikiri, akajibu: "Basi majani ya ng'ombe tugawane."

Tumekubaliana hivi: kwenye mistari ya juu, tripsakumu, nyasi ya kulisha ng'ombe, nusu ya majani ni yake. Katikati ya mistari hiyo, utupa. Ni kichaka cha miaka miwili au mitatu tu, kinarutubisha udongo kwa naitrojeni, na bwasa ikiisha kinang'olewa bila ugomvi. Majani yake ni sumu kwa samaki, kwa hiyo hakuna utupa karibu na kijito.

Kwenye kipande cha chini ni kaliandra, mti mdogo wa malisho, tutaukata ukishakua, tukiacha shina la kama mita moja. Mbuzi watapata majani, na fito zitasimamisha maharage yanayopanda juu, ambayo huku kila mwaka yanatafutiwa miti kwa shida. Grevilea pembeni, kwa mbao na kuni za matawi. Mkalitusi sipandi humo. Unakua haraka na makaa yake yana soko, lakini ukiwa jirani na maharage unayanyang'anya maji.

Pepinyeri, kitalu cha miche, inaanza sasa, kiangazi, karibu na kijito kwa ajili ya kumwagilia. Mbegu za kaliandra zinalowekwa siku mbili kwanza. Miche itahamishiwa shambani mvua zikishakolea, baada ya Septemba. Kabla ya hapo, maneno ya mzee yaandikwe kwenye karatasi mbele ya chifu wa kijiji, na wanawe wakubwa wawepo, kwa sababu wao ndio tutakaoshughulika nao kesho.