Siku nyanya alipomsomesha mwalimu wetu

Hii ilikuwa 2014, niko mwaka wa pili chuo, na mwalimu wetu wa fasihi alikuwa anakusanya tungo za zamani za Mombasa kwa ajili ya pepa ya kongamano. Nikamwambia kuwa nyanya yangu ana daftari la nyimbo za harusi za mamake, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, liko ndani ya kasha pale kwetu Kibokoni. Jumamosi hiyo hiyo akaja.

Nyanya alimkirimu vizuri, kahawa na kaimati, lakini daftari akasema halivuki kizingiti. Mwalimu hakubisha hata kidogo, maana ni yeye aliyetufundisha vile mashairi ya Muyaka, yule malenga wa kale wa Mombasa, yalivyonakiliwa hapa hapa Mvita na Mwalimu Sikujua akishirikiana na yule Mwingereza Taylor, halafu makaratasi yakaishia London na diwani yenyewe ikaja kuchapwa Johannesburg 1940. Basi tukaketi mkekani, mimi nafunua kurasa yeye anapiga picha kwa simu, moja moja, mpaka adhuhuri.

Neno moja kwenye ubeti akalisoma "baa", yaani balaa. Mwandiko ule wa zamani ndivyo ulivyo, herufi ya be hiyo hiyo yaweza kuwa b, p au mb, msomaji ajijue. Nyanya akasema, "La, mwanangu, bi harusi ataitwaje baa? Hapo ni paa." Mwalimu akaandika paa, akadhani la nyumba. "Siyo hilo! Ni paa wa mwituni, yule mnyama. Weka kiganja mbele ya mdomo useme." Mwalimu akasema, hakuna pumzi, yeye mtu wa bara yote mawili kwake ni sawa. Nyanya akanigeukia mimi. Nikasema la nyumba, mkono mkavu, nikasema wa mwituni, pumzi ya moto hiyo kiganjani! Wallahi nilikuwa nayasema hivyo tangu utotoni na sikuwahi kujua.

Kule kongamanoni mwalimu aliweka picha ya ukurasa ule ukutani, akamtaja nyanya kwa jina kuwa ndiye msomaji wa matini, kisha akaambia ukumbi mzima waweke viganja midomoni.

Niliporudi nyumbani nyanya hakuuliza la pepa wala la makofi. "Walilisema sawa?"

Nikamwambia wengine.

"Basi waambie warudie."