Leo nimedhaniwa mtu wa mikopo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Manyatta, Kisumu. Chai ya rangi, kidonge kimoja, basi. Mwaka wa 9 huu. Virusi vya Ukimwi kwenye damu yangu havionekani tena kwenye kipimo, maana yake siwezi kumwambukiza mume wangu kitandani. Sentensi hiyo naisema kila siku kuliko jina langu.

Saa mbili niko kliniki. Kazi yangu ni kuwatafuta waliopitisha tarehe ya kuchukua dawa. Leo majina 11. Kufika saa nne nimepiga simu zote: wanne wanakuja kesho, waliobaki "mteja hapatikani kwa sasa".

Basi ni miguu. Navua kitambulisho cha shingoni, nafukia daftari kiondoni chini ya sukuma wiki, nadandia boda hadi Nyalenda.

Langoni mwa ploti kuna mama anakaanga mandazi.

"Unamtaka nani?"

"Dada wa nyumba ya tatu."

"Wa nini?"

"Tunajuana tu, mama."

"Mnajuana wapi? Kanisani tuko pamoja naye, wewe sijawahi kukuona."

Nikanunua mandazi mawili nisiyoyataka. Hayakunisaidia. Akanipima kwa macho kuanzia viatu. "Kumbe ni nyinyi wa mikopo! Juzi mmebeba televisheni ya watu hapa. Huyu amekopa ngapi?"

Sheria ya Ukimwi ya 2006 hainiruhusu kutoa siri ya hali ya mtu, na hata isingekuwepo nisingeitoa. Nikanyamaza. Yeye akaona nimekubali, akamwita jirani aje amwone mdai. Dada mwenyewe alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Dakika 40 nimesimama kwenye jua lile, naulizwa riba.

Aliporudi tukaingia ndani, nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Acha waseme deni, anti. Deni hata wao wanalo."

Mimi sikucheka sana.

Dawa zake ziko kwenye kopo la majani ya chai, kwa sababu chupa yake inalia ukiitikisa. Zimebaki mbili. Alfajiri anaparua samaki Dunga, akitoka huko benchi letu la kliniki limejaa, na benchi lenyewe linatazama stejini. Ukikaa pale umeshasomwa. Nimelisemea benchi hilo kwenye mikutano hadi nikachoka. Tukapatana aingie kikundi cha watu sita, mmoja anawachukulia wote dawa. Za leo nitamletea mwenyewe, chini ya sukuma wiki.

Nikitoka: "Amelipa?"

"Kidogo."

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Mmoja amehamia Siaya na anachukulia dawa huko, afadhali. Mwingine alinifukuza. Miguu imevimba.

Jioni najaza fomu. Sababu ya kukosa tarehe: safari, nauli, kusahau, mengineyo. Nikatia alama kwenye mengineyo, nikala andazi la pili likiwa baridi.