Nilivyofanikiwa kutazama Soundie iliyochapwa kinyume

Ukinunua Soundie ya asili, usishtuke maandishi yakitokea yamegeuka. Wakusanyaji tunaanza kufurahi hapo, maana ni dalili kwamba hujauziwa nakala ya baadaye.

Soundies ni filamu fupi za muziki za Marekani za miaka ya vita, kuanzia 1940. Kila moja ina wimbo mmoja, dakika tatu hivi. Zilichezwa kwenye Panoram, kabati kubwa la mbao la kampuni ya Mills Novelty ya Chicago, lililowekwa kwenye mabaa na vituo vya mabasi. Unatumbukiza senti 10, unaonyeshwa wimbo uliofikiwa kati ya nane, kuchagua hakuna. Ndani ya kabati picha ilipitia vioo ikatokea nyuma ya skrini, ndiyo maana mikanda ilichapwa kinyume.

Mimi nilipata moja ya 1941 ya Fats Waller, mpiga piano wa jazi. Kabla ya kutoa hela niliomba kopo la mkanda lifunguliwe, nikanusa. Ukisikia siki, acha. Mkanda wa asetati (aina ya plastiki) ukianza kuoza hauna dawa, na unaambukiza wenzake. Huu ulikuwa mzima.

Kwenye projekta ya milimita 16, Waller alipiga noti za besi kwa mkono wa kulia badala ya wa kushoto! Kuugeuza mkanda haiwezekani: matundu yako ukingo mmoja, sauti ukingo wa pili, kwa hiyo meno ya projekta yangeitafuna sauti yenyewe. Nikaegesha kioo mbele ya lenzi kwa nyuzi 45, picha ikaangukia ukuta wa pembeni ikiwa sawa. Lakini kioo cha kujitazamia kilitoa picha mbili, ya pili hafifu, kwa kuwa uso wa glasi nao huakisi. Dawa ni kioo kilichopakwa upande wa mbele. Changu nilikichomoa kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Usikifute kwa kitambaa, kinachubuka mara moja.

Waller alifariki Desemba 1943, akiwa na miaka 39, na filamu zake ni chache. Hollywood iliwapa wanamuziki weusi nafasi finyu. Kwenye Soundies walipata wimbo mzima, na kwa maoni yangu thamani yote iko hapo.

Sasa naiwinda moja ya Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksafoni. Mwenye nayo amekubali bei, ila hataki kopo linuswe.