Ijumaa iliyonikuta na njaa Brunei
Jamani, nilisahau kwamba huku Ijumaa kuanzia saa sita mchana hadi saa nane kila kitu kinafungwa. Hata migahawa! Nikavuka kwa boti hadi Kampong Ayer, mtaa uliosimama juu ya nguzo mtoni, nikakaa kwenye ngazi nasikiliza tumbo linavyolalamika. Nchi yenyewe kilomita za mraba 5,765 tu, tena Malaysia imeikata vipande viwili. Daraja la kilomita 30 hivi ndilo linaloviunganisha. Mafuta yaligunduliwa mjini Seria mwaka 1929, na hadi leo mshahara wa mtu haukatwi kodi (nikawaza salari slipu yangu, nikanyamaza). Karibu kila mtu ana gari. Basi la abiria nililisubiri nikachoka. Saa nane na dakika moja: nasi katok, yaani wali, kuku na pilipili. Sahani mbili.