Mtandao ukizimwa Sudan, jikoni hakupikwi

Tarehe 2 Februari 2024 laini za simu zilianza kukatika Sudan. Kufikia tarehe 7, kampuni za simu za Zain, MTN na Sudani zote zilikuwa kimya karibu nchi nzima. Aliye mbali huenda alidhani watu wamekosa WhatsApp tu. Khartoum walikosa dengu.

Majiko ya mitaa, ambayo Wasudani huyaita takaya, huendeshwa na vijana wa kujitolea wa Vyumba vya Dharura, yaani vikundi vya misaada vya mitaa. Vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 benki zilifungwa, nyingine zikaporwa, na noti zikaadimika. Fedha zikahamia Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Ndugu aliye Kampala, Cairo au Riyadh humpa wakala fedha. Wakala huingiza pauni za Sudan kwenye akaunti ya mtunza fedha wa jiko. Huyo humhamishia mwenye duka. Mwenye duka huangalia salio lake, ndipo anapopima dengu. Mtandao ukikatika, gunia halitoki. Kukopesha kuna mwisho, maana naye ana lori la kulipa.

Watu waliuliza wakati huo: mapigano yako Khartoum, kwa nini simu ife hadi Darfur? Mnara haujitegemei. Kila simu inapowashwa, mnara huuliza kituo kikuu kama laini hiyo inatambulika na ina ruhusa. Vituo hivyo vilikuwa Khartoum, na wapiganaji wa RSF walishutumiwa kuvizima. Mnara wa mbali unaweza kuwa mzima, una dizeli, na bado usihudumie mtu. Sudani ilipata nafuu Port Sudan katikati ya Februari. Kwingineko watu walisubiri zaidi.

Waliobaki gizani walikimbilia madishi ya Starlink, intaneti ya setilaiti, yaliyoingizwa kimagendo, wakilipia kwa saa. Dishi la kawaida la wakati huo lilikula wati 50 hadi 75. Betri ya gari, volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza yote inaharibika upesi, tumia nusu. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, hiyo ni kama saa 7 hadi 10. Inataka sola ya kuijaza kila siku, na paneli juu ya paa huonekana na kila mwenye bunduki. Pengine wapiganaji wenyewe ndio wenye dishi, na anayetuma ujumbe yuko mbele ya macho yao.

Na dishi haliponyi kila kitu. Programu nyingi za benki, ukibadilisha simu, hutuma namba ya siri kwa SMS. Laini ikiwa imekufa, SMS haiji, na aliyeporwa simu njiani hawezi kufungua akaunti yake hata akikaa chini ya dishi. Anayebadilisha salio la simu kuwa noti naye hukata chake: akikata 20 kwa kila 100, jiko lililotumiwa pauni 500,000 linabaki na 400,000. Desemba 2024 noti mpya zilipotolewa upande wa jeshi pekee, kubadilishana kukawa kugumu zaidi.

Kwa hiyo anayetuma msaada atume wakati mtandao upo, asingoje mwisho wa mwezi. Akaunti ziwe za watu wawili au watatu wa mitaa tofauti. Sehemu ya fedha igeuzwe chakula kikavu: kwa gramu 60 za dengu kwa mtu, watu 300 hula kilo 18 kwa siku, yaani kilo 252 kwa wiki mbili. Zigawanywe nyumba nne au tano; stoo moja ikivamiwa, yote yamekwenda. Kuni na chumvi visisahaulike.

Kinachoniuma zaidi ni masharti ya risiti. Mfadhili anayesisitiza kupokea picha ya risiti kabla ya kutuma awamu ya pili, huku mji hauna mtandao, analifunga jiko yeye mwenyewe. Daftari la karatasi, lenye sahihi ya mwenye duka na ya majirani wawili, linatosha mpaka laini zirudi.