Shahada ya Muziki: Gharama na Malipo Yake

Wazazi kadhaa wameniuliza iwapo shahada ya muziki niliyosomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inalipa, nami napenda kuwajibu kwa uzito unaostahili. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa serikali akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe, ilhali aliyejiajiri hupaswa kulilipa mwenyewe, na mapato ya mwanamuziki hupanda msimu wa harusi na kushuka wakati wa Kwaresima na Ramadhani.

Kilichonilipa hasa ni ujuzi wa kuandika muziki. Kwaya huniletea wimbo uliorekodiwa kwa simu, nami huupanga kwa sauti nne, noti juu na tonika solfa (do, re, mi) chini, kazi ambayo hata wenye vipaji vikubwa jukwaani wengi wao hawaiwezi. Kwa anayetaka kupiga ala tu, ningeshauri aanze na cheti, mathalani katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako hufundishwa ala za nyuzi za udi na kanuni, pamoja na taarabu. Anayetaka kufundisha shuleni asome shahada, ila atafute sifa za ualimu mapema na awe na somo la pili.